Maswali ya Wasomaji: Jirani wa Mashine ya Pili

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazohusu jambo moja: kusafisha damu kwa mashine, na watu wanaolala kwenye viti vya jirani huku mashine zao zikifanya kazi ileile. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa chumba cha mashine hizo kwa miaka mingi, na barua hizi zimenirudisha mle ndani. Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina, ila maneno ni ya waandishi wenyewe.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mkazi wa Mlandizi, nina watoto wanne. Nimeishi na shinikizo la damu kwa muda mrefu bila kulitilia maanani, na mwaka huu nimeambiwa figo zangu zote mbili zimeshindwa kazi. Nina wiki tano sasa tangu nianze kusafishwa damu kwa mrija uliowekwa shingoni, mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne, katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Siku ya kwanza, nilipoiona damu yangu ikizunguka kwenye mipira ile, nililia kwa sauti na kumwomba sista anifungue. Aliyenituliza ni mzee mmoja wa mashine ya pili, ambaye ana miaka sita akisafishwa. Aliniambia, "Mwanangu, usiitazame mipira, nitazame mimi," kisha akaniuliza habari za kwetu, za watoto na za mashamba, hadi muda ukaisha.

Tangu siku hiyo wenzangu wa zamu ya asubuhi wamekuwa ndugu zangu. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana lake. Mwezi ujao natakiwa kufanyiwa upasuaji mdogo wa mkono ili mishipa iunganishwe, niwe nachomwa sindano mkononi badala ya kutumia mrija. Mzee ananihimiza nikubali. Dada mmoja ananiambia nikatae, kwa kuwa mkono wangu utaota manundu kama wa mwenzetu mmoja. Mama mwingine ameniletea juisi ya mabirimbi aliyoikamua mwenyewe, akasema inashusha presha. Yupo pia anayenifundisha nimwombe sista asinitoe maji mengi, ili misuli isinikaze. Mume wangu amekasirika, anasema mgonjwa hawezi kumfundisha mgonjwa mwenzake, na kwamba niwasikilize madaktari peke yao. Je, nimsikilize nani? (Mama wa watoto wanne, Mlandizi)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nianze na mume wako, kwa sababu hasira yake naielewa. Niliwahi kuwa nayo mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini niliamini kwamba mgonjwa akishaunganishwa na mashine kazi yake ni kutulia kimya, na siku moja niliwakemea wagonjwa wawili waliokuwa wakielekezana namna ya kuuweka mkono wakati sindano inaingia. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole, "Sista, sindano hii wewe umechomwa mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechoma watu sindano hizo kwa maelfu, lakini sikuwahi kuchomwa hata moja, wala sikuwahi kukaa kitini kwa muda wa saa nne nikiwa siruhusiwi kuukunja mkono. Kuanzia siku hiyo nilikubali kwamba mle ndani kuna elimu mbili, na kwamba ile ya pili mimi nilikuwa mwanafunzi wake.

Mtazame mzee wako alivyofanya. Mimi ningekuwepo siku ile ningekueleza kwamba damu inayokuwa nje ya mwili wako kwa wakati mmoja ni kama robo lita tu, au pungufu, na iliyobaki yote iko ndani yako. Kwamba mashine inaipitisha damu hiyo kwenye chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, na nje ya nyuzi hizo yanapita maji maalumu, karibu lita 120 kwa kipindi kimoja, yanayopokea uchafu ambao figo zako zimeshindwa kuutoa. Yote hayo ni kweli, na nafurahi kukueleza sasa. Lakini siku ile usingesikia hata neno moja, na mzee alilijua hilo kwa kuwa naye aliwahi kukaa pale ulipokaa.

Machi 1960, katika mji wa Seattle huko Marekani, fundi mitambo mmoja aitwaye Clyde Shields, mwenye umri wa miaka 39, alianza kusafishwa damu kwa kutumia mirija ya plastiki iliyobuniwa na Dkt. Belding Scribner na wenzake. Kabla ya hapo mashine iliweza kumsaidia mtu kwa siku chache tu, kwa sababu kila mara mishipa mipya ilibidi ikatwe. Yeye alikuwa wa kwanza kusafishwa kwa muda mrefu, akaishi miaka 11 zaidi. Kila ninapomfikiria mtu huyo nawaza jambo moja: siku alipofungwa kwenye mashine ile kwa mara ya kwanza, hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kumgeukia na kumwuliza, "Hivi kesho yake mtu hujisikiaje?" Wewe unaye wa kumwuliza, mashine ya pili.

Sasa tuje kwenye mkono wako. Mzee yuko sahihi, na ninakuomba usiupuuze upasuaji huo. Daktari atakupiga ganzi sehemu ya mkono, kwenye kifundo au kwenye kiwiko, kisha ataunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) ili damu yenye nguvu ipite kwenye vena na kuifanya inenepe na kukomaa. Kukomaa huko huchukua wiki kadhaa, mara nyingi kati ya sita na nane, na kwa wengine hata zaidi, ndiyo maana hupaswi kuahirisha. Njia hii ilianzishwa na madaktari wa New York na kuchapishwa mwaka 1966, na mpaka leo haijapatikana iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu anayeweza kufanyiwa. Mrija wa shingoni ncha yake iko karibu kabisa na moyo. Vijidudu vikipenya pale vimeshaingia kwenye damu. Ukisikia homa au ukitetemeka kwa baridi wakati unasafishwa, mwambie sista hapohapo, usingoje mwisho wa zamu kwa kuogopa kuonekana msumbufu.

Yule dada anayekukataza naye hasemi uongo. Manundu yapo, nimeyaona kwa macho yangu. Mara nyingi huja pale sindano inapochomwa mahali palepale kila siku, kwa sababu pameshakuwa laini na hapaumi sana, hadi ukuta wa mshipa unadhoofika na kuvimba. Kwa hiyo usiukatae mkono. Omba sindano zihamishwe kidogo kidogo kufuata urefu wa mshipa, hata kama sehemu mpya inauma zaidi. Tena nakushauri umwendee mwenye manundu mwenyewe, umwombe kwa heshima akuonyeshe mkono wake na akusimulie ulivyofika hapo. Akikuruhusu, weka vidole vyako juu ya mshipa wake, taratibu, bila kukandamiza. Utasikia mtetemo, kama unavyosikia ukimwekea paka mkono kifuani akiwa ameridhika. Mtetemo huo ndio utakaoutafuta kwenye mkono wako kila asubuhi kabla hujatoka kitandani, na siku ukiukosa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa damu ikiganda mle ndani kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kuuokoa mshipa huo. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu ya vipimo, usibebe ndoo, usivishwe bangili za kubana, wala usiulalie.

Je, sindano zinauma? Zinauma, hasa mwezi wa kwanza, na asiyekuambia hivyo anakudanganya. Ni mbili, nene kuliko za kawaida. Uliza kama hospitali yako ina dawa ya ganzi ya kupaka. Wagonjwa wangu walikuwa na hila yao pia: kukohoa mara moja sista anaposema "sasa". Sikuwafundisha mimi, nilikuta wanafundishana.

Kuhusu mabirimbi, nasema bila kuzunguka: usinywe. Tunda hilo lina asidi ya oksaliki kwa wingi, na wapo watu waliokuwa na figo nzima wakaziumiza kwa kunywa juisi yake nzito. Kwako wewe, ambaye figo hazichuji, hakuna pa kuitolea. Na usiishie kwenye mabirimbi. Dafu, ndizi, parachichi na maji ya machungwa, vitu ambavyo sisi watu wa pwani tunampelekea mgonjwa kwa mapenzi, vina potasiamu nyingi, nayo ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo bila kutoa dalili yoyote kabla. Lakini yule mama usimfokee. Alisimama jikoni kwake akakamua matunda kwa ajili yako. Mshukuru, mwambie sista amekukataza, kisha hakikisha sista anajua kwamba juisi hiyo ipo, maana ninavyoona mimi anayeinywa zaidi ni yeye mwenyewe, na maisha yake ndiyo yaliyo hatarini kwanza.

Anayekufundisha uombe utolewe maji kidogo anajua maumivu ya misuli kukaza, na maumivu hayo si ya kubezwa. Nimeona wanaume wazima wakilia. Ila ametibu mahali ambapo si penye ugonjwa. Kila lita unayoinywa na isitoke kwa mkojo ni kilo moja kwenye mizani. Ukija na kilo nne za ziada, mashine italazimika kuzivuta zote kwa muda mfupi, presha itashuka na misuli itakaza. Na ukiziacha ndani zitaujaa mwili hadi mapafu, utaamka usiku ukitafuta pumzi. Dawa ni kunywa kidogo katika siku za katikati na kupunguza chumvi, kwa kuwa chumvi ndiyo inayoleta kiu. Pia mwombe daktari aupime upya ule uzito wako usio na maji ya ziada, ambao mle ndani tunauita "uzito mkavu", kwa maana mtu akianza kula vizuri hunenepa kweli, na kilo iliyokuwa ya maji mwezi uliopita inaweza kuwa ya nyama mwezi huu.

Na hapa ndipo wenzako wanapotushinda sisi wote wenye vyeti. Kiasi cha maji cha kutwa atakupangia daktari kulingana na mkojo unaoupata, lakini namna ya kuishi na kiasi hicho katika joto la Dar es Salaam hakuna daktari aliyewahi kunifundisha. Nilimwona mama mmoja ambaye kila asubuhi aliyapima maji yake yote ya siku kwenye chupa moja, akanywea kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na chai ya jioni aliitoa kwenye chupa ileile. Wengine walimung'unya vipande vya barafu, wengine walisukutua mdomo na kutema, wengine walikaa na kipande cha limau mdomoni. Mama yule mizani ilimpenda kuliko wote.

Basi mimi nimejiwekea kipimo hiki, nawe ukipenda kichukue. Linalohusu namna, yaani namna ya kulala, kusafiri, kuvumilia kiu, kuwaeleza watoto, kuutuliza moyo, waulize wenzako. Linalohusu kiasi, yaani dawa kiasi gani, maji yatolewe kiasi gani, chakula gani kiongezwe au kiondolewe, likisemwa na mwenzako lichukue kama swali, ulipeleke kwa sista au daktari kabla hujalitenda.

Mwambie pia mume wako aje siku moja akae nawe zamu nzima. Atawaona watu wanaochungana. Mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, aliyeniita mgonjwa alipoanza kuishiwa nguvu hakuwa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa presha ikishuka mtu husinzia na hawezi kuita. Ni jirani aliyesema, "Sista, njoo, huyu ameacha kuongea."

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29 kutoka Tanga, nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa miaka miwili nilikaa karibu na kaka mmoja aliyenizidi umri, ndiye aliyenifundisha kila kitu. Jumatatu moja nilikuta kiti chake hakina mtu. Nilipouliza niliambiwa amesafiri. Nilijua ukweli siku mbili baadaye, kutoka kwa dereva wa bajaji. Jumatano hiyohiyo mgonjwa mpya alikuwa ameshawekwa kwenye kiti kile. Sasa naingia na kuvaa spika za masikioni, sitaki kumjua mtu yeyote tena. Ijumaa iliyopita sikwenda kabisa. Je, si bora mtu akae peke yake, kuliko kujenga undugu na watu wanaokufa? Na je, niombe kuhamishiwa zamu nyingine? (Kijana, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na nasema msiba kwa kuwa ndivyo ulivyo, ingawa hakuna aliyekuandalia mkeka wa kukaa.

Kabla ya yote, Ijumaa. Nakusihi usirudie. Kwa mtu wa zamu yako, kipindi kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndicho kirefu kuliko vyote katika wiki, na tayari ndicho chenye hatari zaidi kwa moyo, kwa sababu maji na potasiamu hujikusanya siku nzima ya ziada. Ulipoiacha Ijumaa ulikaa siku tano, Jumatano hadi Jumatatu, bila kuchujwa. Nenda na huzuni yako, nenda na spika zako masikioni, nenda ukiwa umemnunia kila mtu, lakini nenda.

Kuhusu neno "amesafiri", nina deni la kulikiri. Hata sisi tulilisema. Tulidhani tunawakinga mliobaki, tukasahau kwamba mtu anayekuja mara tatu kwa wiki huvihesabu viti kabla hajakaa, na kwamba mkishajua tuliwaficha hili, hamtatuamini tutakapowaambia majibu ya vipimo ni mazuri. Muuguzi aliyekuambia hivyo huenda naye alikuwa amelia chooni dakika kumi kabla. Hata hivyo ilikuwa makosa, na nakushauri uombe kuonana na msimamizi wa chumba, umweleze kwa utulivu kwamba mngependa kuambiwa kweli mwenzenu anapofariki. Katika chumba nilichofanyia kazi, wagonjwa wenyewe ndio waliotubadilisha. Walianza kuchanga kidogo kidogo, na siku isiyo ya zamu waliwatuma wawili wenye nguvu kwenda kuhani. Niliwaona wakirudi na salamu za familia, wakizitoa kiti kwa kiti kabla mashine hazijawashwa, na chumba kizima kikawa na utulivu ambao sikuwahi kuuona siku tulipokuwa tukisema "amesafiri". Kama nyumbani kwa kaka yako si mbali, nenda. Waambie alikuwa nani kwako; inawezekana kabisa mke wake hajui kwamba mumewe alimlea kijana mwingine katika ugonjwa.

Umeniuliza kama si bora kukaa peke yako. Sidhani, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila kukufariji kwa maneno matupu. Kifo cha kaka yako si picha ya chako. Watu hufika kwenye mashine zile kwa njia tofauti, mwingine akiwa na kisukari cha miaka ishirini na moyo uliochoka, mwingine kijana ambaye maradhi yameziharibu figo zake peke yake. Kwa umri wako, swali ninalotaka umpelekee daktari ni la kupandikizwa figo. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Anayetoa figo huwa ndugu aliye hai, baada ya vipimo vingi. Si kila mtu anafaa, wala si kila mwenye ndugu anapata wa kumtolea, lakini uliza. Na habari za vipimo hivyo, gharama zake na muda wa kusubiri, nani atakusimulia kama hujavua spika ukamsikiliza mtu ambaye ndugu yake ameshaanza kupimwa?

Kuhama zamu si kosa ikiwa kukiona kiti kile kunakunyima usingizi. Ningependa tu usiamue ndani ya wiki hizi. Na ikiwa huzuni haipungui, hulali, huli, au unajikuta ukiwaza kwamba ni afadhali kuacha kabisa kusafishwa, mwambie daktari wazi. Sonona kwa watu wanaosafishwa damu ni jambo la kawaida, inatibika, na haina aibu yoyote.

Jambo moja la mwisho kwako. Mgonjwa aliyewekwa kwenye kiti kile Jumatano hakukichagua, na hajui kilikuwa cha nani. Sikuombi uwe rafiki yake. Msalimie tu.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa chumba cha kusafishia damu, Mwanza. Tungependa kila mgonjwa mpya aunganishwe na mzoefu kabla ya siku yake ya kwanza. Baadhi ya wenzangu wanahofu kuvunja siri za wagonjwa. Unashauri tuanzeje? (Muuguzi, Mwanza)

JIBU: Hofu ya wenzako ina msingi, na isiwe sababu ya kuacha. Waombe ruhusa wote wawili, kila mmoja peke yake, na yeyote anayesita mwache bila kumhoji. Wewe usimweleze mmoja ugonjwa wa mwenzake. Waache wasimuliane wanachotaka. Kuwa mwangalifu hasa kwa wale wenye homa ya ini aina ya B, kwa kuwa mashine yao hutengwa na wagonjwa wengine huona na kuuliza. Jibu la kila muuguzi liwe moja, kwamba mpangilio wa viti ni wa hospitali.

Katika kumchagua mzoefu, usimchukue anayeongea sana. Mimi nilikosea hapo mara mbili, nikampeleka kwa mgonjwa mpya mtu hodari wa maneno, akamhadithia visa vya mirija iliyochomoka na watu waliokimbizwa usiku, na mgonjwa wa pili hakurudi kwetu kwa wiki nzima. Mchukue anayejua kusubiri swali. Ikiwezekana awe wa umri unaokaribiana, na kama mgonjwa mpya ni mwanamke, mpe mwanamke, maana kuna mambo ya hedhi, ya ndoa na ya kuzaa ambayo hatamwuliza baba wa watu. Usimpe kazi hii mtu aliyefiwa na jirani yake mwezi huohuo. Mweleze pia mzoefu mpaka wake: asitaje dozi, asitoe dawa yake kumpa mwenzake, na akiulizwa asilolijua aseme, "Twende tukamwulize sista."

Wakutane kabla ya siku ya kwanza, na ningependa wakutane kwenye mizani, mzoefu akiwa amemaliza zamu na anapima uzito wa kuondokea. Mgonjwa mpya anahitaji kumwona mtu huyo akiwa amesimama kwa miguu yake, plasta mbili mkononi, akivaa viatu ili awahi daladala. Kisha waache wenyewe. Huenda jambo la kwanza atakaloambiwa ni kuja na shuka au khanga nzito, kwa kuwa wengi husikia baridi mashine ikishakwenda kwa muda, hata mchana wa jua kali. Hilo halikuwepo kwenye karatasi yetu ya maelekezo hadi mgonjwa mmoja aliponiomba kalamu na kuliandika mwenyewe, pale chini, penye nafasi.